Sheria ya Kisogo katika Nchi ya Stahani

Nilipofika Stahani nilikuwa mtu aliyechoka kutazama. Kwa miaka thelathini na mmoja nilifanya kazi katika maabara ya hospitali ya wilaya, na sehemu yangu ilikuwa ile ambayo wenzangu waliikwepa: kupokea vikopo vya choo, kuvifungua, kuandika rangi, kuandika kama ni kigumu au chepesi, kisha kuweka kipande chini ya darubini. Watu huniuliza kama nilizoea harufu. Pua ilizoea mwaka wa kwanza. Kilichonichosha ni kujua. Mtu anakuletea kikopo kwa haya, amekizungushia karatasi tatu, anasema kwa sauti ndogo, "Si kitu, tumbo tu," nawe ukifungua unajua kabla yake kwamba nyumba yake haitakuwa tena kama ilivyokuwa. Siku niliyostaafu nilinawa mikono kwa muda mrefu, nikawaambia wenzangu kwamba ninakwenda mahali ambapo hakuna atakayenionyesha chochote.

Kwa hiyo Stahani ilinifaa sana, mwanzoni.

Ni nchi safi kuliko zote nilizopata kuziona. Barabara hufagiliwa asubuhi na alasiri, kuta zimepakwa chokaa, na watu wake wana adabu ambayo baada ya siku tatu huanza kukuchosha mabega. Kila nyumba ina choo imara cha mawe, kisicho na dirisha wala tundu la mwanga. Pembeni huwekwa ndoo ya majivu na upawa. Anayemaliza haja na kujisafisha husimama akiwa ameelekea ukuta, hurudisha mkono nyuma, humwaga upawa mmoja wa majivu bila kugeuka, kisha hutoka. Hiyo ndiyo Sheria ya Kisogo, na mtoto wa Stahani hufundishwa sheria hiyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mtu hageuki. Kilichotoka kimetoka.

Hata hivyo Wastahani si wajinga. Wanajua, kama wanavyojua watu wote, kwamba habari za tumbo husomwa katika kinachotoka tumboni. Jambo hilo limeandikwa katika utangulizi wa sheria yenyewe, kwa maneno mazuri. Ndiyo maana wana Idara ya Rangi. Kila Jumatatu mkuu wa kila nyumba hufika idarani kutangaza rangi ya watu wake kwa wiki iliyopita. Karani huuliza, "Rangi?" Mkuu wa nyumba hujibu, "Kahawia." Karani huandika kahawia katika kitabu kikubwa, na anayefuata husogea. Nilikaa katika ukumbi ule asubuhi nzima na sikusikia neno jingine. Nilipouliza wanajuaje bila kutazama, nilijibiwa kwa upole kwamba tangu Idara ilipoanzishwa, miaka arobaini na miwili iliyopita, haijapatikana rangi nyingine hata mara moja, na kwamba matokeo ya namna hiyo hayawezi kuwa ya kubahatisha.

Nililiona hilo kuwa upuuzi, nami nikanyamaza. Nilikuwa mgeni, na nilikuja kupumzika.

Karani aliyeandika siku ile ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu. Aliitwa Shekue Mbaruku, mtu mrefu wa miaka hamsini na minane, mwenye mwandiko mzuri na magoti mabovu. Kazi ya ukarani Stahani hufanywa kwa kusimama, kwa kuwa kukaa mbele ya raia ni utovu wa staha, na Shekue alikuwa amesimama miaka kumi na tisa. Tangu masika alikuwa akimeza vidonge vya maumivu, viwili asubuhi na viwili jioni, na siku za Jumatatu viwili vya ziada mchana. Vya asubuhi alivimeza tumbo tupu, kwa kikombe cha kahawa chungu, kwa sababu alitaka magoti yawe yamelainika kabla ya kutoka. Mkewe, Bi Mwanakheri, alikuwa mshonaji wa mito na magodoro, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Walikuwa na binti mmoja, Mwatumu, aliyeolewa mji mwingine. Nilipewa chumba chake.

Wiki ya pili niliona kwamba Shekue anapanda ngazi tatu za baraza kwa kupumzika katika kila moja. Viganja vyake vilikuwa vimepoteza rangi. Akiinuka kutoka mkekani hushika ukuta na kusubiri, kama mtu anayesikiliza jambo lililo mbali. Nilijiambia ni umri. Mimi mwenyewe huinuka hivyo siku hizi. Lakini mtu aliyefanya kazi niliyoifanya hawezi kujidanganya kwa raha. Hudanganyika huku akijua.

Alhamisi moja, baada ya mumewe kwenda kazini, Bi Mwanakheri alinifuata barazani akiwa ameshika ushonaji wake. Hakukaa.

"Bwana Ndimbo," alisema, "umewahi kusema ulikuwa mpimaji."

"Nilikuwa. Nimestaafu."

"Nataka nikuulize jambo, na ukitaka usinijibu."

Nilimwambia aulize.

"Juzi nilifua nguo za Baba Mwatumu. Kulikuwa na alama. Sikukusudia kuitazama, ila majivu hayawekwi kwenye nguo." Alitoboa kitambaa kwa sindano bila kukishona. "Ilikuwa nyeusi. Si kahawia iliyokolea. Nyeusi, yenye kung'aa, inanata kama lami iliyopata jua. Nimefua mara tatu haitoki. Na harufu yake si ya choo ninachokijua."

Hapo nilipaswa kumwambia. Nilijua, kama unavyolijua jina la mtoto wako. Choo cheusi kinachonata na kunuka hivyo mara nyingi ni damu. Imevuja juu, tumboni au karibu na hapo, ikapita safari ndefu ya matumbo ikasagwa njiani hadi ikapoteza wekundu wake. Mtu anayemeza vidonge vya maumivu bila chakula anaweza kuchimbika kidonda ndani, na kidonda kikavuja kidogo kidogo bila hata kuuma sana. Badala yake nilimuuliza kama mumewe anatumia vidonge vya kuongeza damu, au mkaa, kwa maana hivyo navyo hutia weusi. Alisema hatumii. Nikamwambia, basi tungoje tuone.

Alinitazama. "Tuone," alirudia. "Nani aone, Bwana Ndimbo? Mimi nikisema nimeona, nimevunja sheria. Yeye hageuki, hajawahi kugeuka maisha yake yote. Katika nchi hii mwenye ruhusa ya kutazama ni mgeni peke yake, kwa sababu sheria haimjui."

Nilisema nitafikiri. Nilikwenda chumbani, nikalala mchana kutwa uso ukiwa ukutani. Siku ile moja ninadaiwa hadi leo, na hakuna wa kunisamehe, maana Shekue mwenyewe hakuwahi kuona kuwa ni kosa.

Ijumaa asubuhi alianguka barazani akivaa viatu. Hakuzimia kabisa, aliketi chini ghafla, jasho jembamba limemtoka usoni, akasema samahani. Mimi na mkewe tulimshika tukampeleka chooni alikoomba kwenda. Alipotoka bila kumwaga majivu, kwa kuwa hakuweza kuinua upawa, nilichukua taa, nikaingia, nikatazama kabla sijamwaga majivu. Bi Mwanakheri alisimama mlangoni akiwa amenipa mgongo. Nilipotoka hakuuliza, alikwishaanza kufunga kanga ya pili kiunoni kwa safari.

Hospitali ya Stahani ni jengo zuri. Wadi ya matumbo ina vitanda ishirini vilivyotandikwa, na siku ile vyote vilikuwa vitupu, kwa kuwa nchini hapakuwa na mgonjwa wa tumbo. Daktari wa zamu aliitwa Kivumbi, mtu wa makamo mwenye ndevu zisizochanwa. Alimsikiliza Shekue, akampima mapigo ya moyo yaliyokuwa yakikimbia, akavuta chini kope lake na kuona ndani peupe. Kisha akavua miwani.

"Nina damu ya kumwongezea," alisema. "Nina dawa ya kutuliza asidi. Nina mpira wenye kamera, unapita kooni hadi tumboni, unakionyesha kidonda na unaweza kukifunga. Umekaa kabatini miaka sita, naupangusa kila mwezi. Ila siruhusiwi kutibu tumbo bila hati ya rangi. Hati yake inasema nini?"

"Kahawia," alisema Shekue. "Niliiandika mwenyewe Jumatatu."

Daktari alivaa miwani yake tena. "Basi nenda Idara wabadilishe. Nami nitakuja nyuma yenu. Usitembee, ubebwe."

Hivi ndivyo ilivyotokea kwamba Idara ya Rangi ilikaa kikao kusikiliza shauri la karani wake. Tulipewa nafasi kabla ya adhuhuri. Shekue aliwekwa kwenye kiti cha mapumziko kilichotolewa stoo, akaombewa radhi mbele ya ukumbi kwa kukaa. Aliyeongoza kikao alikuwa Msimamizi Mkuu wa Rangi, Mwinyi Sharumbi, mzee mnene aliyeanza kukonda, kanzu imemlegea mabegani. Kando yake alisimama mwanasheria wa Idara, mwanamke kijana mwenye sauti tamu. Nyuma, karibu na mlango, Daktari Kivumbi alisimama na mkoba wake.

Mwanasheria aliuliza ni nani aliyeona.

"Mimi," alisema Bi Mwanakheri.

"Bibi anakiri kugeuka?"

"Sikugeuka. Nilifua."

"Kufua ni kugeuka kwa mikono," alisema mwanasheria, bila ukali. "Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria haupokelewi. Na Bibi atahukumiwa kwa hilo baadaye. Kuna mwingine?"

Nilisimama. Waliniuliza kama taa ilikuwa na mafuta ya kutosha, kama ukuta ulikuwa mweupe au la, kama nilikuwa nimekunywa chai. Nilijibu yote. Kisha Msimamizi Mkuu akasema kwamba hana shaka na uaminifu wa mgeni, ila ana shaka na neno lake. Kilichoitwa cheusi, alisema, si lazima kiwe nje ya kahawia. Kahawia ina umri. Kuna kahawia changa na kuna kahawia iliyokomaa. Alipendekeza Idara itambue rasmi kahawia iliyokomaa, na mgonjwa arudi nyumbani akiwa na hati isiyo na dosari. Watu ukumbini walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwanasheria alianza kuandika.

"Mheshimiwa," nilisema, "hicho kina damu."

"Umeiona damu? Nyekundu?"

"Haiwi nyekundu ikitoka juu."

"Kwa hiyo hukuiona." Aligeuza karatasi. "Wewe katika kazi yako, umewahi kukosea kwa rangi?"

Nilikuwa nimechoka, na sikuwa na nguvu ya kusema uongo. Nikamwambia nimekosea. Nilimweleza habari za mama mjamzito niliyemtia hofu siku mbili kwa choo cheusi, kumbe ni vidonge vya madini ya chuma. Na za mzee aliyekuja analia kwa wekundu, kumbe alikula bitiruti harusini. Nikasema rangi peke yake haitaji jina la ugonjwa. Kazi yake ni kumwambia mtu aende akapimwe.

"Basi haina hakika," alisema Msimamizi Mkuu.

"Haina hakika. Ndiyo maana kuna vipimo."

"Na sisi tuvuruge kitabu cha miaka arobaini na miwili kwa jambo lisilo na hakika."

Nilimtazama kwa karibu kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba weupe wa macho yake una rangi ya manjano, kama karatasi iliyokaa juani. Nilikaa chini. Mtu huchoka kwa namna nyingi. Ule ulikuwa uchovu wa kumwona mtu anashikilia mlango ambao yeye mwenyewe anahitaji kuupitia.

Ndipo Shekue akaomba kitabu.

Alikiomba kwa sauti ya kazi, kama Jumatatu, na yule aliyekishika akampa kwa mazoea. Akakifungua magotini. Akatafuta nyumba yake kwa kidole.

"Nimeandika neno hili miaka kumi na tisa," alisema. "Nimeliandika kwa watu wazima na kwa watoto. Nimeliandika kwa mama yangu mzazi wiki aliyokufa, na alikuwa amekonda kama ufito, tukasema ni uzee. Sikuona hata moja. Wala mimi sikuiona hii. Lakini mke wangu ameiona, na simjui kuwa mwongo."

"Karani haandiki rangi ya nyumba yake nje ya siku," alisema mwanasheria.

Shekue alichovya kalamu. Akaifuta ncha ukingoni mwa kidau cha wino, maana hakutaka kuchafua mwandiko. Akakata kahawia kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika juu yake: nyeusi. Alipoinua kichwa alikuwa mweupe midomoni. Kalamu ikamtoka, yeye mwenyewe akafuata, na kitabu kikaanguka upande wa pili.

Daktari Kivumbi alikuwa amekwishafika. Hakumshika mgonjwa kwanza. Aliokota kitabu, akasoma mstari ule kwa sauti ili wote wasikie, akamrudishia Msimamizi Mkuu mkononi.

"Imeandikwa," alisema. "Sheria inanitaka nisome kitabu. Hainitaki niulize aliyeandika ni nani."

Akawaita wabebaji. Hakuna aliyewazuia. Nadhani hakuna aliyejua kifungu cha kuwazuia.

Shekue aliongezewa chupa tatu za damu. Mpira uliokaa kabatini miaka sita ulishuka kooni mwake, na kidonda kilionekana mahali tumbo linapoungana na utumbo, kikubwa kama kipande cha kucha, kikivuja. Kilifungwa. Daktari alitoka na jasho kwapani, akasema saa chache zaidi zingetosha kutuondolea haja ya kuhangaika. Alimpiga marufuku vile vidonge vya maumivu, akampa dawa ya asidi, akaahidi kutafuta njia nyingine ya kuyatuliza magoti. Mkewe alikaa kando ya kitanda siku nne. Siku ya pili nilimkuta ameegemeza paji la uso kwenye chuma cha kitanda, nikadhani amelala, kumbe anahesabu pumzi za mumewe.

Alipotoka hospitali Shekue alifukuzwa kazi kwa kuharibu kitabu. Bi Mwanakheri naye alihukumiwa kwa kutazama, na adhabu yake ni ile ya kale: kwa mwaka mmoja, popote atakapokaa hadharani, watu wakae wakimpa kisogo. Hukumu ilibandikwa kwenye mlango wa nyumba, na tangu siku hiyo, alipotoa mashine yake ya kushonea barazani alasiri, majirani waliopita walilazimika kugeuka.

Siku tatu za kwanza alishona peke yake. Siku ya nne jirani mmoja, Bi Tumbwe, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alikuja akaketi kwenye ngazi. Alimpa kisogo kama ilivyoamriwa. Mto mmoja ulipomalizika kushonwa, akasema akiutazama ukuta wa ng'ambo:

"Cha huyu ni kijani. Tangu jana."

Mashine ilisimama. Bi Mwanakheri alinitazama mimi niliyekuwa nimekaa mlangoni. Niliuliza mtoto amekula nini. Mchicha, alisema Bi Tumbwe, na aliupenda sana. Ana homa? Hana. Anacheza? Anachosha watu. Nikasema mchicha unatosha kuleta kijani, na tumbo likienda mbio pia huleta kijani. Ampe maji, na akizidi kuharisha au akilegea ampeleke. Bi Mwanakheri aliyarudia maneno yangu kwa yule mama, kwa lugha nzuri kuliko yangu. Bi Tumbwe aliondoka bila kugeuka na bila kushukuru, na kesho yake alikuja na dada yake.

Kumbe watu walikuwa na mengi. Ilikuwa rahisi kuyasema kwa mtu usiyemtazama, tena kwa amri ya serikali. Walikaa kwenye ngazi zetu migongo ikiwa mistari miwili, kama watu wanaotazama mchezo barabarani, na mmoja baada ya mwingine waliueleza ukuta. Mwanamke mmoja alisema cha mtoto wake ni cha manjano, kina mafuta, kinaelea na kunuka vibaya, na mtoto hanenepi. Huyo tulimpeleka hospitali kesho yake. Fundi mmoja wa viatu alisema ameona wekundu tangu mwezi uliopita na anajua ni bawasiri kwa sababu baba yake alikuwa nayo. Bi Mwanakheri alimuuliza kama suruali zimelegea. Akavuta shati kufunika mkanda. Akaulizwa tena, akasema ametoboa mkanda matundu mawili mapya. Alimwambia bawasiri haikondeshi mtu, aende kwa Kivumbi siku hiyo hiyo, na akamshika bega kwa nyuma hadi alipoinuka.

Walitazamaje wakati vyoo havina mwanga? Sikuuliza. Ila niliona maduka ya mji yameishiwa vibiriti.

Mimi nilijibu niliyoulizwa, na kila jioni nilikwenda kulala nimechoka kama zamani. Wiki ya tatu Bi Mwanakheri hakunigeukia tena ila mara chache. Alijua kwamba kahawia ina ndugu zake wengi wa kawaida; kwamba chakula hucheza na rangi siku moja au mbili kisha huacha; kwamba cheusi cha lami, chekundu kisichoelezeka, na cheupe kama chokaa havingojwi.

Cheupe nilikijua ni cha nani. Nilikwenda mwenyewe kwa Mwinyi Sharumbi, ofisini kwake, nikaomba tubaki wawili. Nikamwambia macho yake yana manjano, na nadhani mkojo wake umekolea kama chai ya rangi, na nadhani hajui rangi ya kile kingine. Nikamwambia rangi ile ya kahawia ambayo ameilinda maisha yake yote hutoka kwenye nyongo. Njia ya nyongo ikizibwa, choo hubaki cheupe. Inaweza kuwa jiwe, ambalo hutolewa. Inaweza kuwa kitu kingine, ambacho kikiwahiwa mapema ni afadhali.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa adabu.

"Tangu lini unawashwa ngozi?" nilimuuliza, kwa sababu alikuwa akijikuna mkono.

"Tangu Ramadhani." Akautazama ule mkono. "Bwana Ndimbo, nikienda kwa Kivumbi, nitahitaji hati."

"Utahitaji."

"Na mwenye kuitia sahihi ni mimi."

"Basi ni rahisi kwako kuliko kwa mtu yeyote."

Alitabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akisema jambo lisilo na kosa. Akamwita mhudumu, akaagiza niletewe kahawa, na akazungumza nami juu ya mvua hadi nilipoondoka. Alifariki miezi miwili baadaye. Tangazo la Idara lilisema ametutoka akiwa na kahawia kamili, isiyo na doa. Sikumchukia. Nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma, na nikajuta kwamba sikuzungumza naye siku ile ile ya kikao, ingawa najua angeniagizia kahawa vilevile.

Baada yake Idara haikufungwa. Ilitangaza kwamba, baada ya utafiti wa kina, imetambua aina tano za kahawia: changa, iliyokomaa, yenye furaha, iliyopumzika na ya mchicha. Daktari Kivumbi alibandika orodha hiyo ukutani kwake na akajifundisha kuisoma. Mtu akija na hati ya kahawia yenye furaha, yaani nyekundu, humwandalia kipimo cha damu inayovuja. Akija na iliyopumzika, yaani nyeupe, humpima ini na nyongo. Vitanda ishirini vilijaa, na katika vitabu nchi ilibaki kahawia. Nilimuuliza kama hilo halimkeri. Alisema alikereka miaka sita akiwa na wadi tupu, na sasa hana nafasi ya kukereka.

Niliondoka Stahani mwanzoni mwa vuli. Asubuhi ya safari nilikuwa nimeketi uani na mzigo wangu, nangoja chai. Shekue alikuwa chooni. Siku hizi alikuwa akifanya kazi nyumbani, anajaza pamba kwenye mito ya mkewe akiwa ameketi, na viganja vyake vilikuwa vimerudiwa na rangi. Bi Mwanakheri alitoka jikoni na birika mkononi, akasimama nje ya mlango wa choo.

"Baba Mwatumu. Rangi?"

"Kahawia," ilijibu sauti ndani, haraka, sauti ya miaka kumi na tisa.

Mkewe hakuondoka. Birika lilikuwa la moto. Alilihamisha mkono mmoja hadi mwingine.

"Umetazama?"

Tukasikia kiberiti kikipigwa, kikakataa, kikapigwa tena. Shekue alichukua muda wake. Bi Mwanakheri alisubiri ameinamisha kichwa, na mimi pia nilijikuta nimesimama.

"Ni kahawia, Mwanakheri," alisema mumewe hatimaye, taratibu. "Nimeiona."